Mwenye kifua, mtazame na miguu

Kandambili ndiyo iliyosema kwanza. Mama mkubwa alikuwa na jozi yake ya buluu ya kuingilia msalani, imelika kisigino, na jioni ile dada alipoinama kumvalisha, ya kulia iliingia bila shida, ya kushoto ikagoma. Mkanda ulimzama kwenye nyama ukaacha alama nyekundu.

"Mama, mguu huu umevimba," dada akasema.

Mama mkubwa alikuwa ameegemea mito mitatu. Tangu atoke hospitali kulala chali kulikuwa kumemshinda, kwa hiyo mchana alikaa na usiku alikaa. Akajibu kwa pumzi fupifupi, "Nimeukalia sana, mwanangu. Utanywea."

Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye mkeka nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu, na mada yenyewe naikumbuka vizuri: mzunguko wa damu. Michoro ya moyo zaidi ya arobaini, mishale myekundu inatoka, mishale ya buluu inarudi. Niliinua macho, nikautazama ule mguu, nikarudi kwenye kalamu yangu. Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya ubao nikieleza jinsi damu ya miguuni inavyopanda kurudi moyoni, kisha ikapita mapafuni, na siku ile jambo hilo lilikuwa limekaa kwenye kiti hatua mbili kutoka nilipo, sikuliona. Naandika haya kwa sababu ya dakika ile.

Mama mkubwa hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alichokivuta ni moshi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alichoma vitumbua alfajiri, barazani kwetu, kwa kuni, vifuu na makumbi ya nazi, na mimi na dada tumesomeshwa kwa vitumbua hivyo. Mwaka 2008 akapata TB. Alimeza dawa miezi sita yote bila kuruka siku, mkojo ukawa wa rangi ya chungwa hadi akaogopa, akapona, makohozi yakawa safi. Lakini mapafu yalibaki na makovu, na juu ya makovu moshi ukaendelea. Kadi zake za kliniki zina majina tofauti kwa kila daktari: pumu, mkamba sugu, COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa), mapafu yaliyoharibika baada ya TB. Kila masika kifua kilimkaba, tukampeleka, akapewa dawa, akarudi. Tulikuwa tumeshazoea. Kuzoea huko ndiko kulikotaka kutuulia mtu.

Kwetu ni Tanga, na Tanga mguu ukivimba una jina tayari. Pwani hii mbu wameeneza matende na mabusha kwa vizazi, dawa za kinga zimegawiwa nyumba kwa nyumba mwaka baada ya mwaka, na karibu kila ukoo unamkumbuka mzee aliyetembea na mguu mzito. Jirani wa kwanza aliyekuja kumjulia hali akasema matende. Wa pili akasema amekanyaga kitu alichotegewa. Wa tatu akasema chumvi. Matende hayaji namna hiyo. Hujijenga kwa miezi na miaka, na ngozi hukakamaa polepole. Mguu wa Mama mkubwa ulivimba kati ya Ijumaa na Jumatatu, mmoja tu, wa moto ukiugusa, na shavu la mguu lilikuwa gumu kama embe bichi.

Tukamwita mkandaji. Ni bibi mmoja wa mtaani, mikono yake imewakanda wazazi wote waliojifungua karibu yetu, na mimi mwenyewe alinirudisha kifundo nilipoteguka. Akapasha mafuta ya nazi, akapaka viganja, akaupitia mguu mara moja kutoka goti kushuka. Akasita. Akaupitia wa kulia, akarudi wa kushoto, kisha akafuta mikono kwa kanga yake.

"Huu una moto, na si moto wa msuli," alisema. "Mimi sikandi mguu wa moto. Mpelekeni kwa daktari."

Tukamshukuru, tukampa chai, tukakubaliana kuwa Alhamisi ni siku ya kliniki ya kifua, tutauliza hukohuko. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuuchua mguu wenye damu iliyoganda kunaweza kulinyofoa donge likaondoka na damu hadi mapafuni. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumtibu Mama mkubwa sawasawa katika habari hii ni yule bibi, kwa kuirudisha mikono yake. Nimemwendea kumwambia hivyo, na nimemwambia mbele ya wajukuu zake.

Jumanne usiku Mama mkubwa alishtuka usingizini akashika kifua. "Hewa haiingii."

Mashambulizi yake tulikuwa tunayajua kama tunavyozijua mvua. Huanza na mafua, makohozi yanakuwa mazito ya njano, halafu kifua kinalia kama filimbi, siku mbili tatu kabla hatujakimbia. Hili halikuwa na utangulizi wowote. Lilikuja kwa mkupuo. Hakuwa na homa, makohozi yalikuwa yaleyale ya kila siku, na kifua kilikuwa kimya, hakuna filimbi. Akivuta pumzi, kitu kilimchoma ubavuni. Nilishika kifundo cha mkono wake nikahesabu mapigo, yakapita mia na ishirini akiwa ameketi.

Kituo tulichompeleka walimjua. Faili lake ni nene. "Huyu ni wa kifua," akasema aliyekuwa zamu, akawekewa nebulaiza ya kuvuta dawa kwa mvuke, sindano, vidonge vya prednisoloni na antibayotiki. Alfajiri tukarudi nyumbani. Jumatano usiku tukaenda tena, tukapewa yaleyale. Simlaumu mtu, kwa kuwa na mimi, kama ningeulizwa, ningesema ni kifua. Ugonjwa wa zamani una sauti kubwa. Ukishakuwa ndani ya nyumba, mwingine akipiga hodi hasikiki.

Alhamisi, zamu ilikuwa ya tabibu kijana. Alimwamkia, akasoma faili, akatazama namba ya oksijeni kidoleni, na badala ya kufuata kifua mkono wake ukaenda kwenye shuka.

"Mama, naomba niione miguu yako."

Kisha akatuuliza kama tuna tepu ya kupimia. Dada ni fundi cherehani, tepu haimtoki shingoni hata msibani. Tabibu akatafuta kile kifupa kinachojitokeza chini ya goti, akashuka sentimita 10, akazungusha tepu. Kulia 31. Kushoto 35 na nusu. "Tofauti ikizidi tatu, tunaihesabu," akasema. Akaandika rufaa akiwa amesimama.

Kwenye altrasaundi niliruhusiwa kusimama karibu na kitanda, na hili nataka nilieleze taratibu kwa sababu ni kipimo kilichopo hata kwenye hospitali nyingi za wilaya. Mpimaji anapaka mafuta ya baridi kwenye kinena, anaweka kile kichwa cha mashine, na kwenye kioo yanatokea maduara mawili meusi yamekaa ubavu kwa ubavu. Moja ni mshipa unaopeleka damu, jingine ni vena, inayorudisha. Halafu anabonyeza. Upande wa kulia, vena ilifumba yote, kama jicho linalofumbwa, akiachia ikafumbua. Akashuka pajani, akabonyeza, ikafumba. Akahamia kushoto. Akabonyeza, duara halikufumba. Akabonyeza zaidi hadi Mama mkubwa akaguna. Likabaki wazi, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kijivu.

"Damu imeganda," mpimaji akasema. "Kuanzia hapa hadi nyuma ya goti."

Nikamuuliza daktari wa wodi kama tumpeleke Dar es Salaam kwa siti skani, ili tuone kama donge limefika mapafuni. Akanieleza jambo ambalo natamani kila familia iliyo mbali na mashine hiyo ilijue: mgonjwa akiwa na dalili zile za kifua, na altrasaundi ikaonyesha donge kwenye vena kubwa ya paja, matibabu yanaanza palepale, kwa sababu dawa ya donge la pajani na dawa ya donge la pafuni ni ileile. Alikuwa dhaifu mno kukaa kwenye gari saa sita. Alipigwa sindano ya kwanza jioni hiyo.

Sasa niseme nilichokitafuta tangu siku hizo, maana mwalimu hawezi kukaa na jambo nusu.

Damu ina kazi mbili zinazovutana: itiririke muda wote, na mahali penye jeraha igande upesi. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow ndiye aliyeonyesha, katikati ya karne ya 19, kwamba madonge yanayokutwa kwenye mapafu ya maiti mara nyingi hayakuzaliwa humo, yalitoka kwenye vena za mbali yakasafiri na damu. Siku ya kimataifa ya ugonjwa huu, tarehe 13 Oktoba, ni siku aliyozaliwa yeye mwaka 1821. Sababu za damu kuganda pasipostahili hufundishwa hadi leo kwa jina lake, nazo ni tatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na haraka ya kuganda.

Mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu wa mapafu anaweza kuwa nazo zote tatu kwa wakati mmoja. Aliyewahi kupikia makumbi atanielewa upesi. Makumbi hayawaki kama kuni. Hufuka. Unaweza kudhani moto umezimika, ukaweka mkono ukaungua, na upepo ukipita unarudi wote. Mapafu yenye COPD, au yaliyoachwa na makovu ya TB, yana moto wa namna hiyo, mwako wa chinichini ambao madaktari huuita inflamesheni. Moshi wake haubaki kifuani. Kemikali zake zinaingia kwenye damu na kufika ini, na ini linaitika kwa kumwaga fibrinojeni kwa wingi, ule utomvu ambao damu hushonea jeraha. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zinakuwa na gundi zaidi. Ngozi laini ya ndani ya mishipa, ambayo ikiwa nzima huzuia damu isigande, inachoka. Maambukizi ya masika yakija ndiyo upepo wenyewe.

Ongeza upungufu wa oksijeni. Figo zikihisi oksijeni imekuwa chache siku baada ya siku, zinaagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi, na damu inakuwa nzito. Ongeza prednisoloni, ambayo inaokoa maisha wakati wa shambulio lakini nayo imeonekana kuambatana na hatari ya kuganda. Halafu ongeza kiti. Damu ya miguuni haina moyo wake wa kuipandisha. Inasukumwa na shavu la mguu: kila hatua unayopiga msuli unaminya vena, na vilango vya ndani vinazuia damu isirudi chini. Mtu anayekosa pumzi hatembei. Mama mkubwa alikuwa amekaa siku tisa hospitali na wiki mbili nyumbani, magoti yamekunjwa, na pampu ile ilikuwa imesimama muda wote huo.

Na si COPD peke yake. Sarkoidosisi, ugonjwa wa vivimbe vidogovidogo mapafuni, imo, pumu kali imo, na TB yenyewe imo, hasa wiki za mwanzo kabla dawa hazijashika. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1996 kwamba kwa wagonjwa wa TB ya mapafu fibrinojeni hupanda na vizuizi vya asili vya kuganda hushuka, kisha mambo huanza kurudi mahali pake matibabu yakiendelea. Halafu mwaka 2020 ikaja Korona, na dunia nzima ikaona mapafu yenye moto yakigandisha damu ya watu wazima kwa vijana. Kwetu miezi ile tulisema "changamoto ya kupumua" na tukazika. Nawaza wangapi kati yao walikuwa na shavu la mguu gumu ambalo hakuna aliyeligusa.

Je, kila mwenye kifua akizidiwa ana donge? Hapana, na hapa lazima niwe mkweli kwa sababu hofu nayo inaumiza. Mwaka 2006 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 197 wa COPD waliozidiwa bila sababu ya wazi. Mmoja katika kila wanne alikuwa na donge mapafuni. Habari hiyo ilitisha watu. Lakini mwaka 2021 ukachapishwa utafiti mwingine: hospitali saba za hukohuko Ufaransa zilipima wagonjwa 740 wa COPD waliolazwa kwa kuzidiwa kupumua, mwenye sababu ya wazi na asiye nayo, na waliokutwa na donge ni asilimia 5.9. Mwaka huohuo utafiti wa Hispania ukaonyesha kwamba kumsakia donge kila mgonjwa wa COPD anayelazwa, bila kuchagua, hakukupunguza vifo wala kurudi hospitali.

Mimi nazisoma tarakimu hizo hivi: usimpime kila mtu, mtazame kila mtu. Tofauti kati ya robo na asilimia sita iko kwenye yale maneno "bila sababu ya wazi". Mama mkubwa hakuwa na homa, hakuwa na makohozi mapya, hakuwa na filimbi, na alizidiwa kwa dakika, si kwa siku. Maumivu yalimchoma akivuta pumzi. Mguu mmoja ulikuwa umevimba. Kutazama hayo hakuhitaji umeme. Wengine hukohoa damu kidogo, wengine huzimia ghafla wakiinuka, na kwa mtu aliyewahi kuugua TB damu ya kikohozi kila mtu ataihesabia TB. Kipimo cha damu kiitwacho D-dima, kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda, kina msaada wake kikitoka chini, lakini kwa mwenye mwako wa muda mrefu kinaweza kupanda hata pasipo donge, kwa hiyo kikiwa juu peke yake hakimalizi maneno.

Kuna utafiti mmoja mdogo ambao umenikaa kuliko yote. Mwaka 1960, Bristol, Uingereza, madaktari wawili, Barritt na Jordan, waliwagawa watu 35 wenye donge la mapafu. Kumi na sita walipewa dawa za kuzuia kuganda, 19 hawakupewa. Kati ya wale 19, watano walikufa kwa donge jipya na wengine watano wakapata jingine wakanusurika. Kati ya wale 16, hakuna aliyekufa kwa donge. Wakausimamisha utafiti, wakasema haiwezekani kuendelea kumnyima mtu. Jumatano usiku, tulipomrudisha Mama mkubwa nyumbani na mfuko wa vidonge vya kifua, alikuwa kwenye kundi la 19.

Sindano ilikuwa enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ya tumboni, asubuhi na jioni. Nesi alinifundisha kubana ngozi na kuingiza sindano wima. Siku ya tatu Mama mkubwa alisikia kwa mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba dawa hii hutengenezwa kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Akanikamata mkono. "Mwanangu, ni kweli?"

Ni kweli. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 Marekani kwenye ini la mbwa, na leo hii karibu yote duniani, pamoja na ndugu zake kama enoksaparini, hutolewa kwenye utando wa matumbo ya nguruwe. Sikutaka kumficha mtu wa sala tano. Nikampigia imamu wa msikiti wetu, akaja mwenyewe wodini baada ya Alasiri, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akamweleza hukumu ya dharura: kuilinda roho kunatangulia, na pasipo dawa nyingine iliyo karibu mgonjwa hana dhambi. Ipo dawa ya aina hiyo inayotengenezwa maabara, fondaparinuksi, lakini hatukuikuta kwenye duka lolote la dawa tulilopita. Mama mkubwa akainua mikono akaomba dua, akafunua tumbo. Nawasihi wahudumu wa pwani wamwambie mgonjwa jambo hili mapema na kwa upole. Wapo watakaokataa dawa kimyakimya na hamtajua kwa nini.

Kisha zikaja dawa za vidonge, warfarini. Mtaani tunaziita dawa za kuyeyusha damu, na jina hilo linawapoteza watu, kwani anayedhani donge limeshayeyuka anaacha kumeza wiki ya tatu. Haziyeyushi kitu. Zinaizuia damu isiongeze donge, na mwili wenyewe unalimung'unya lile lililopo kwa wiki na miezi. Kwa hiyo matibabu hayapungui miezi mitatu, na kwa mtu ambaye moto wa makumbi bado upo kifuani daktari anaweza kuamua yaendelee.

Warfarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K, na hapo ndipo inapogombana na chungu cha Mswahili. Matembele, kisamvu, mchicha, vyote vimejaa vitamini K. Kwanza tuliambiwa aache mboga za majani kabisa, naye akanyong'onyea, maana bila matembele kwake si chakula. Mfamasia mmoja akaturekebisha: ale, ila kiasi kisirukeruke. Bakuli moja la mboga kila siku, dozi ikapangwa kufuata bakuli hilo. INR yake, kile kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kinachotakiwa kukaa kati ya 2 na 3, ikatulia.

Kwenye benchi la INR kulikuwa na kijana aliyekuwa kwenye dawa za TB, ambaye namba yake ilikataa kupanda. Kila wiki wanamwongezea warfarini, kila wiki ni 1.2, 1.3. Sababu ni rifampisini, ileile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Inaliamsha ini, na ini linaivunjavunja warfarini kabla haijafanya kazi. Huzipunguza nguvu hata dawa mpya zisizohitaji INR, kama rivaroksabani. Hatari kubwa zaidi inakuja siku anapomaliza TB na familia inasherehekea: rifampisini ikiondoka, ini linarudi usingizini, na ile dozi kubwa ya warfarini inaweza kumvujisha damu. Nilimwomba kijana yule aandike kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yake tarehe ya kumaliza TB na amwonyeshe kila anayemhudumia. Kama unasoma haya na una mtu wa namna hiyo nyumbani, mwandikie leo.

Linalonirudia usiku ni zile siku tisa za kwanza hospitalini, kabla ya mguu. Alilazwa kwa kifua kweli, alitibiwa kifua vizuri, akalala na kuketi siku tisa, na hakuna aliyetaja damu kuganda. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,102 waliolazwa kwa maradhi makali, wengi wao wa kupumua na moyo. Waliopewa enoksaparini miligramu 40 mara moja kwa siku walipata madonge kwa asilimia 5.5, wasiopewa asilimia 14.9. Sindano moja ndogo kwa siku. Si ya kila mgonjwa, mwenye kuvuja damu au vidonda vya tumbo hastahili, na ni daktari anayepima. Lakini swali kuuliza ni bure, nami sikujua kama lipo: "Daktari, mgonjwa wetu hatembei. Damu yake mnailindaje?" Sasa nalifundisha darasani. Mada ya mzunguko wa damu siimalizi bila kila mwanafunzi kunyanyua visigino mara ishirini na kushika shavu la mguu wake asikie linavyokaza.

Mama mkubwa yuko hai. Jiko la kuni limeondoka barazani, tumenunua mtungi mdogo wa gesi, na vitumbua sasa anachoma msaidizi yeye akiwa kwenye kigoda anaamuru. Dada ana daftari. Kila Jumatatu baada ya kuoga anampima miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya kifupa, anaandika. Kulia 31, kushoto 32. Kulia 31, kushoto 32. Kurasa nne zinafanana hivyo.

Leo asubuhi kushoto kumesoma 34. Huenda ni kovu la ndani ya mshipa, daktari alitwambia mguu ule unaweza kujaa jioni baada ya kusimama sana. Lakini ilikuwa asubuhi, na hakuwa amesimama. Hatukungoja kliniki. Aya hizi za mwisho naziandika kwenye benchi, nje ya chumba cha altrasaundi, tepu iko shingoni mwa dada. Wameita jina lake. Ameinuka mwenyewe, amevaa kandambili, anaingia.